Hivi Karibuni Ni Siku Ngapi

Karakana ya Madirisha,
Nyuma ya Kituo cha Zimamoto,
S.L.P. 417.
Alhamisi, 14 Agosti.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Mgongo umetulia, au bado unakusumbua ukiinama kwenye zile mashine za kufulia? Uliniambia mnafua mashuka elfu moja na mia mbili ya wagonjwa kwa zamu moja, nanyi mko wanne. Hayo ni mashuka mia tatu kwa kila mmoja, na wewe ndiye uliyekuwa ukijificha hapa nyumbani usioshe sufuria mbili. Natumaini unakula, na kwamba wale wenzako wa chumbani wameacha kukumalizia sabuni.

Sisi hatujambo. Wifi yako mzima wa afya. Anasema amenenepa na hataki uambiwe, kwa hiyo sijakuambia. Wanangu wawili wazima pia, wanakula kama wanashindania kombe. Karakana inakwenda. Sasa tuko mafundi watatu pamoja nami, na juzi tumemaliza madirisha kumi na sita ya zahanati, yote yakaingia mahali pake bila kusukumwa.

Binti yako hajambo. Nimempima jana kwa futi ya kazini, amefika sentimita mia moja ishirini na nne. Jino la mbele liling'oka Jumanne, na la jirani yake linacheza. Lile jina ulilompa alipokuwa hajafika mwaka, Chiriku, bado linamfaa siku nne kati ya saba. Hizo tatu zilizobaki ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Utajiuliza kwa nini nisikuambie kwenye simu. Simu ya Jumapili tunaiweka sauti ya juu, na yeye anakuwa amekaa magotini pangu, haya hayasemeki mbele yake. Na lingine, wewe ukianza kulia mimi hunyamaza, nami nikinyamaza ndiyo basi, mambo yote yanabaki kifuani. Kwenye karatasi hutanikatiza.

Nianze na langu, nilitue. Nina kinyongo nawe. Uliondoka ukasema miaka miwili. Leo ni miaka minne, miezi mitatu na siku tisa. Mkataba wa kwanza niliuelewa, wa pili nikajitahidi kuuelewa. Huu wa tatu ulinitajia umeshautia saini. Usidhani nalalamikia kulea. Mtoto wa dada si mzigo, na nyumba iliyo na vijana wawili wasiojua kukunja nguo ilikuwa inamhitaji. Ninalalamika kwa sababu nikipata kazi kubwa sina wa kumwambia. Wote walionizunguka sasa wamenijua nikiwa fundi mwenye karakana. Wewe peke yako uliniona nikitembeza fremu za picha barabarani, nimezibeba shingoni kama ng'ombe na nira yake. Nikimwambia mtu mwingine madirisha kumi na sita, ananipongeza. Ningekuambia wewe, ungecheka. Nakitamani kicheko hicho kuliko pongezi zote.

Haya, sasa shule.

Katikati ya Julai niliitwa kwenye chumba cha msaada. Hukuwahi kukiona, kimefunguliwa ukiwa umeshaondoka. Kilikuwa stoo ya mipira. Sasa kina zulia la kijani, rafu ya vitabu, na meza iliyokatwa nusu duara, mwalimu anakaa kwenye ule mkato na watoto sita wanamzunguka, kila mmoja anamfikia kwa mkono. Viti ni vya watoto. Nilikaa kimoja, magoti yakanijia kidevuni. Nilikitazama chumba kile nikasikia wivu, nakuambia kweli. Enzi zetu, sisi tuliokuwa hatusomi tulikuwa na kiti cha nyuma na ndoo ya kuteka maji ya walimu. Mimi nilitoka darasa la tano sijui kusoma sentensi mbili zikafuatana. Nilijifunza nusu na robo kwenye futi, na herufi kwenye makopo ya gundi. Hakuna aliyeniita mezani kwake.

Wanaohudumia chumba hicho ni wawili. Mmoja ni mwalimu wa kusoma, mwanamke mwembamba, anavaa saa ya kupimia shingoni kwa kamba ya kiatu. Watoto wanamwita Mwalimu Dakika. Mwingine ni mshauri wa wanafunzi, kijana wa umri wa yule mdogo wetu wa mwisho, suruali zake zote zimechakaa magotini kwa sababu anaongea na watoto akiwa amekaa chini nao. Huyo wanamwita Bwana Zulia. Yeye hafundishi somo lolote. Kazi yake ni kujua kwa nini mtoto aliyejua jana leo hajui.

Ukutani palikuwa na karatasi ya miraba yenye jina la binti yako, na nukta kumi na nne za kalamu nyekundu. Mwalimu Dakika alinieleza. Kila Jumatatu kipindi cha kwanza humpa kila mtoto habari asiyowahi kuiona, humpigia saa dakika moja, kisha huhesabu maneno aliyosoma sawasawa. Wa darasa la tatu anatakiwa amalize mwaka akiwa amefika maneno sitini. Binti yako alikuwa thelathini na moja.

"Mwaka unaisha Septemba," akasema. "Mwalimu mkuu anaona arudie darasa. Nami sijaona la kumpinga."

Mdogo wangu, unajua maana ya kurudia darasa kwa mtoto yule. Rafiki anaye mmoja tu, yule anayekaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza, wanagawana hata kifutio. Yule anavuka, huyu anabaki. Kwanza mama, halafu dawati.

Nikaitazama ile karatasi kama ninavyotazama fremu iliyopinda. Nukta kumi na moja zilikuwa chini, kati ya ishirini na tisa na thelathini na sita. Tatu zilikuwa zimeruka juu: arobaini na saba, arobaini na tisa, arobaini na sita.

"Na hizi tatu?" nikauliza.

"Siku za bahati, mjomba."

"Mwalimu, bahati haipigi mahali pamoja mara tatu. Na mbona nyumbani Alhamisi, nikimpigia saa, ananisomea zaidi ya hamsini?"

Akanitazama kwa huruma, ile huruma inayoudhi. "Labda kitabu cha nyumbani amekikariri. Wengi hufanya hivyo."

"Ananisomea magazeti tunayofungia vioo," nikamwambia. "Wiki jana alinisomea upungufu wa mbolea, mstari kwa mstari. Kama amekariri mbolea, basi mrusheni hadi chuo kikuu."

Bwana Zulia akacheka hadi akaegemea rafu. Akasema jambo ni dogo, apimwe Alhamisi, mbele yetu wote, kwa habari mpya. Tulirudi Alhamisi iliyofuata. Nilikaa nje ya mlango, kwenye benchi la korido, karibu na koti la mtoto fulani lililoanguka na hakuna aliyeliokota. Nilisikia sauti yake tu. Haikukwama. Alisoma maneno hamsini na matatu.

Mwalimu Dakika alihesabu mara mbili kwa ncha ya kalamu. Halafu akaniomba radhi. Alisema amepima Jumatatu kwa miaka tisa, kwa kuwa aliamini vichwa vya watoto huwa vimepumzika siku hiyo, na hakuwahi kujiuliza Jumapili zao zina nini ndani yake. Maishani mwangu sijapata kuombwa radhi na mwalimu. Nilikosa pa kuangalia, nikaokota lile koti.

Hapo ndipo Bwana Zulia aliponigeukia.

"Mjomba, Jumapili kwenu kuna nini?"

"Kuna kufua nguo."

"Mjomba."

"Kuna simu," nikasema. "Mama yake anapiga saa tano."

Akanipa kalamu, akabandua ile karatasi ukutani, akanisogezea. Nami nikazizungushia duara zile nukta tatu za juu, maana tarehe ya kila moja niliijua. Ya kwanza ni ile wiki uliyobebeshwa zamu mbili. Ya pili mtandao ulikufa siku nzima. Ya tatu ulikuwa na homa. Jumapili tatu ambazo hukupiga simu. Kumi na moja ulipiga, na mwanao kesho yake akasoma maneno thelathini na mawili na nusu kwa wastani. Tatu hukupiga, akasoma arobaini na saba na ushei.

Usiiweke barua chini. Endelea kusoma, tafadhali, sijafika.

Nilirudi nyumbani nimekukasirikia, kisha nikajikasirikia. Kwa miezi mingi alikuwa akiamka Jumatatu hasemi, nami nikimkaripia kwa uvivu. Mwanangu mkubwa ndiye aliyekuwa akimtetea, mimi namwambia anyamaze. Nilidhani najua kupima.

Bwana Zulia aliomba wiki mbili za kukaa na mtoto. Si za kumhoji. Walikuwa wanapanga vifuniko vya chupa kwenye zulia, wanaongea wanavyoongea. Jumatatu hii aliniita. Alisema amemwomba mtoto ruhusa ya kuniambia, na mtoto ameitoa.

Kumbe hakuwa ameshindwa kusoma. Alikuwa anahesabu. Kila Jumapili anakuuliza utakuja lini, nawe unamjibu utakuja hivi karibuni. Unalisema kwa upendo, nimekusikia, nami mwenyewe nimemwambia hivyo hivyo mara zisizo na idadi. Kwetu sisi ni neno la kufungia maongezi. Yeye analichukua kama neno la mtu mzima. Kwa hiyo Jumatatu asubuhi inaweza kuwa ndiyo siku. Mlango wa darasa ukilia, anauacha mstari anatazama. Hatua zikipita koridoni, anaacha tena. Jumanne vilevile. Jumatano anatazama mara chache. Ikifika Alhamisi anajua kwamba wiki hii siyo, basi anakikunjulia kitabu uso na kusoma. Jumapili unapiga tena, anaanza upya.

Nilikumbuka jambo nikaona aibu. Mwezi wa Machi alikuja karakanani, akasimama kando ya benchi langu mpaka nilipozima msumeno.

"Mjomba, hivi karibuni ni siku ngapi?"

Mimi huyo, ninayeweza kukuambia kwa jicho kwamba mlango umepungua milimita tatu, nikamwambia akamwulize mama yake. Akasema atakuuliza Jumapili. Jumapili ikafika hakukuuliza. Alimwambia Bwana Zulia kwamba sauti yako ilikuwa imechoka.

Bwana Zulia aliniuliza na mimi Jumatatu zangu zikoje. Nikamjibu mimi si mwanafunzi wake. Lakini jioni nilifungua daftari la kazi, ninakoandika kila kioo tunachokiharibu na tarehe yake. Tangu Januari nimekata vibaya vioo tisa kwa mkono wangu mwenyewe. Saba ni vya Jumatatu. Nilimwonyesha wifi yako nikidhani nimegundua kitu. Hata hakuinua macho. "Mafundi wako wanajua tangu mwaka juzi," akasema. "Jumatatu wanakuficha kioo kinene." Kumbe mtu mzima mmoja na mtoto mmoja tumekuwa tukikungoja zamu moja, na mimi peke yangu nilikuwa sina habari.

Leo amepimwa tena. Mwalimu mkuu amekubali vipimo vitatu vya Alhamisi, kimoja kila baada ya wiki mbili, kila kimoja na habari mpya. Akifika sitini katika kimoja chochote, anavuka. Leo amesoma hamsini na sita. Kinachofuata ni tarehe ishirini na nane, na cha mwisho ni Septemba kumi na moja. Mwalimu Dakika anamwita mezani kila siku dakika ishirini, hata wakati wake wa mapumziko, na ameninong'oneza kwamba atafika. Mimi pia nimepiga hesabu. Atafika.

Kwa hiyo ningeweza kunyamaza. Shule imeridhika, mtoto atavuka na dawati lake, wewe ungeendelea kupiga Jumapili bila kujua. Nimekaa na wazo hilo siku tatu. Lakini sitaki mpwa wangu awe mtoto anayesoma vizuri siku aliyokata tamaa. Nilipomsikia leo anatiririka kwenye ile habari, wale wawili wa chumba cha msaada wanatabasamu, mimi nilikuwa najua anatiririka kwa sababu ameacha kutazama mlango.

Bwana Zulia hakusema usipige simu. Nilimwuliza waziwazi, akashtuka. Alisema mtoto anakuhitaji hata kama unamgharimu Jumatatu zake zote. Anaomba mawili tu. La kwanza, upige Ijumaa saa kumi na mbili jioni, ukitoka zamu, ili awe na siku mbili za kuwa na sisi kabla ya darasa. Najua Ijumaa miguu inakuwa imekuvimba. Piga ukiwa umekaa.

La pili ni gumu. Anasema mtoto anaweza kubeba tarehe, hata iwe ya mbali kiasi gani, kwa sababu tarehe ina mwisho wake na anaweza kuipunguza kila siku. Hivi karibuni haipunguki. Kwa hiyo anataka umpe tarehe. Hata ikiwa ya mwaka kesho. Hata ikiwa ni ya wiki moja ya likizo halafu uondoke tena. Na kama mkataba huu wa tatu ni wa kubaki huko, basi liandike hilo, pamoja na tarehe ya yeye kukufuata. Na kama hata hiyo huna, mwambie huna, na mwambie siku gani utajua. Usimpe ya kumfurahisha, dada. Ikipita hujafika, hakuna atakayemrudisha mezani tena, si Mwalimu Dakika, si mimi.

Na mimi pia naitaka tarehe hiyo. Nimeshindwa kuiomba kwa miaka miwili na ushei, nikawa nakuomba picha, namba za viatu, chochote kile. Nilidhani nikionekana nimekuzoea kuwa mbali ndipo utafanya kazi kwa amani. Sijakuzoea. Nyumba ina watu watano mezani na bado naipanga kwa sita.

Barua inachukua siku kumi na moja kukufikia, nimezihesabu kwa zile tatu zilizopita. Hii utaipata tarehe ishirini na tano. Ukijibu siku hiyohiyo, jibu litafika Septemba tano, Ijumaa. Kusoma kwake hakulitegemei jibu lako, nisikudanganye ili uharakishe. Harakisha kwa sababu kila Jumapili inayopita anaanza upya.

Usiniandikie mimi. Mwandikie yeye, jina lake kamili juu ya bahasha, si Chiriku. Andika kwa herufi kubwa kidogo, sentensi fupi, usiunganishe herufi kama tabia yako. Usitumie maneno zaidi ya sitini, hiyo ni dakika yake moja nzima, ataimaliza bila kuchoka. Tarehe iandike kwa maneno, si kwa tarakimu, ili aisome. Sitaifungua kabla yake wala sitamsaidia. Nitampa kiti karibu na dirisha la karakana penye mwanga, nitawaambia vijana wazime mashine, nami nitaenda upande wa pili wa ukuta kushika kazi yoyote isiyo ya kioo.

Wifi yako anakusalimu sana, na anauliza kama lile shuka la maua bado unalitumia. Wanangu wanakusalimu, mkubwa ameanza kuota ndevu na anataka shangazi yake ajue. Mama mdogo anakusalimu kutoka kwake, miguu yake inaendelea vizuri. Wasalimie wenzako watatu wa zamu, waambie kaka yako anawashukuru kwa kukushikia ndoo siku ya homa.

Mungu akuinue kila unapoinama, akupe usingizi wa kutosha kati ya zamu na zamu, na siku atakayoichagua akuwekee njia nyeupe hadi mlangoni kwetu, mchana, binti yako akiwa anatazama.

Wako akupendaye na anayekuhesabia siku,

Kaka yako.